Kidole Kilichoacha Kuuma

Baba alikuwa fundi wa kwato. Pale kijijini kwetu Ihanja, ng'ombe akianza kuchechemea aliletwa uani kwetu, baba akamlaza, akachonga kwato kwa kisu kifupi mpaka afike kwenye nyama nzima, kisha akamwagia mafuta ya alizeti ya moto. Akiacha kuchechemea, amepona. Kipimo kilikuwa hicho tu, na kwa ng'ombe sikumbuki kama kiliwahi kumdanganya.

Kucha ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia ilikuwa nene na ya manjano tangu nikiwa sekondari. Fangasi, nadhani. Hakuna aliyeijali. Mwaka niliorudi kutoka chuoni bila kazi niliikuta kona yake moja imezama kwenye nyama, na baba alikuwa ameshaichonga kwa kisu kile kile cha ng'ombe.

Nilimuuliza kama alikichemsha. Akaniuliza kama chuoni nilisomea kucha. Nikamwambia kidole kimevimba, kinatoa usaha, na yeye ana kisukari. Akajibu kwamba kisukari ni ugonjwa wa damu, hauna habari na kucha. Mama akacheka. Mimi sikubali jambo mpaka nijue limetoka wapi, na nyumbani kwetu tabia hiyo inaitwa ubishi.

Alizeti ilikuwa imekauka shambani na ndege walikuwa wanaimaliza. Baba alisema ataenda zahanati mavuno yakishaingia ndani yote. Siku kadhaa alichechemea. Halafu akaacha.

"Unaona, msomi?" aliniambia akipita na mzigo begani. "Ng'ombe wako kapona."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kidole kilikuwa kimeiva rangi ya zambarau na kilianza kunuka. Inakuwaje kitu kinazidi kuharibika halafu maumivu yanapungua? Nilimuuliza mama. Akasema Mungu anaponya polepole. Nikauliza ni uponyaji gani unaonuka, naye akaniambia nikatubu.

Jioni moja mama alimtengenezea maji ya chumvi. Aliyamimina kwenye beseni kutoka sufuria iliyotoka motoni, akageuka kuchota maji ya baridi ya kuchanganya. Baba hakusubiri. Alitumbukiza mguu, akaendelea kunilalamikia habari za ndege. Mama aliporudi na jagi, aligusa yale maji kwa vidole na kuvirudisha haraka.

"Mzee, toa mguu."

"Ya nini? Maji yenyewe vuguvugu."

"Toa mguu, mume wangu."

Tulimsaidia kuutoa. Ngozi ya juu ilikuwa imelegea na kukunjamana, kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Baba aliutazama kama mguu wa mtu mwingine. Alizeti hakuitaja tena. Tulimpandisha bodaboda, mimi nikiwa nyuma yake nimemshika, na zahanati hawakukaa naye. Walimsafisha, wakamfunga bandeji, wakatuelekeza hospitali ya mjini.

Daktari alieleza kwamba kisukari huua hisia za miguu. Mtu mwenye nacho hatakiwi kujichonga kucha wala kuisubiri ipone: ikizama kwenye nyama, ikitoa usaha, wekundu ukianza kupanda, au rangi ikigeuka nyeusi, aende siku ile ile, hata kama hasikii maumivu. Hasa kama hasikii. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Majibu yake yalikuwa mazuri, ila yalikuwa yamechelewa. Walikata kidole gumba, kisha vingine, na mwisho nusu ya wayo.

Nyumbani baba alikaa siku nyingi bila kunikejeli, na nilizitamani zile kejeli. Siku aliyozungumza aliuliza kitu kimoja tu.

"Kama hauumi, nitajuaje?"

"Kwa kuangalia, baba. Kila siku."

"Sifiki kuona chini."

"Nitakuangalizia mimi."

Kwetu mzee hamnyooshei mwanawe nyayo usoni. Baba aligeuza uso upande wa shamba na kuninyooshea mguu wa kushoto, ule uliobaki mzima. Niliupokea mapajani. Kucha ya gumba ilikuwa nene na ya manjano. Nilitenganisha vidole kimoja kimoja. Pembeni ya kile kidogo, mahali ambapo kandambili husugua, palikuwa na kidonda kibichi, chekundu.

Nilikibonyeza taratibu na kumtazama usoni. Bado alikuwa anaangalia shamba.

"Umeanza kuangalia?" aliuliza.

Nilimwita mama alete viatu, twende hospitali.