Vipande Vilivyobaki

Baba mkwe wa Asumpta hunywa chai ikishapoa. Kutwa yuko barazani anaunda giaboksi kwa matofali ya plastiki ya kuchezea, ambayo mjukuu wake Agape, mtoto wa Asumpta, alitumiwa na shangazi yake. Hupuliza kila kigurudumu cha meno, hukizungusha kwa ukucha, hutega sikio. Kila akiipunguza giaboksi ukubwa, vipande hubaki, na mtoto huacha magunzi ya mahindi anayochezea akasogea. Leo ilienea kiganjani, gia zote nne zikiingia bila kukwaruza. Vipande vikatapakaa mkekani. Asumpta akajikaza.

“Baba, hivyo vilivyobaki si umpe mwenzako?”

Mzee akavizoa akavitia mfukoni, macho hakuinua.

“Nafasi imepatikana. Hivi ni vya gia ya tano.”

Agape alikuwa bado amekinga mikono.