Picha Niliyoichagua Mwenyewe

Iko siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, Tekla mwanangu, na jana ulipokaa hapa jikoni na simu yako ikanirudia yote. Ulikuwa unanisomea orodha ya picha zako bora za sinema za mwaka, zile utakazozitaja Jumamosi mbele ya wenzako kwenye ukumbi wa parokia. Ukafika kwenye ile ya wavuvi wa ziwani, uliyoiangalia hapahapa ukalia mpaka ukanilowesha kitenge, ukaifuta. Nikakuuliza, mbona? Ukasema, "Shangazi, hiyo haijapata tuzo yoyote, watanicheka." Sikukujibu kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua. Leo hayaungui. Kaa hapo unisikilize.

Nilikuwa msichana wa rika lako. Nyuma ya soko palikuwa na banda la video la bwana mmoja tuliyemwita Baba Winifrida, mnene, mcheshi, lakini ole wako akukute unakojoa nyuma ya banda lake! Televisheni moja, jenereta, na mabenchi yaliyotuchania nguo. Mikanda ilikuwa ya lugha za watu, kwa hiyo kijana mmoja alisimama pembeni akatutafsiria. Lugha yenyewe hakuijua sana, akajazia maneno yake, na mara nyingi hayo yake ndiyo yaliyokuwa matamu.

Sasa, kila mwaka Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, Baba Winifrida alizima jenereta akasema anayetaka asimame, ataje picha yake ya mwaka, na aseme kwa nini. Iliyonyooshewa mikono mingi ndiyo iliyooneshwa Krismasi, na hiyo ndiyo siku pekee wazee na akina mama walikuja bandani. Siku nyingine walituachia sisi vijana na kelele zetu.

Mwaka huo Shangazi Yustina, dada yake babu yako, alikuja kutoka Mwimbi kula sikukuu kwetu. Alikuwa hajaona picha hata moja maishani mwake. Alizijua kwa mdomo wangu tu, maana kwetu aliyekwenda bandani ndiye aliyewasimulia waliobaki, kwa Kifipa, mikono ikiwa kazini. Tulikuwa tunapepeta ulezi wa pombe ya Krismasi, na mimi nasimulia. Watu wa kwenye picha niliwapa majina ya kwetu. Yale yao nani angeyakumbuka?

Picha moja ilimshika kuliko zote. Mama anamtembeza mwanawe kipofu huku na huko akimtafutia dawa. Dawa haipatikani, lakini kwa kutembea kwingi mtoto anazijua njia kwa miguu yake, na wanaporudi nyumbani ukungu unawafunika, yule mtoto ndiye anayemshika mama mkono na kumwongoza. Nilipofika hapo machozi yakanidondokea kwenye ulezi. Shangazi akaweka ungo chini.

"Krismasi nataka kuiona hiyo kwa macho yangu," akasema. "Mwakani sijui kama mgongo huu utanileta tena."

Nikanywea. Vijana wote bandani walikuwa na yao, ya jamaa mmoja anayepiga kijiji kizima kwa mguu mmoja. Nikamwambia, "Lakini Shangazi, watu wanasema bora ni ile ya ngumi."

Weee! Shangazi Yustina alikuwa mpole, hata kuku alimfukuza kwa adabu, lakini siku hiyo alinikaripia mpaka mama akatoka ndani.

"Nimekuuliza habari za watu mimi? Watu wamejaa barabarani, nitawauliza wenyewe. Nimekuuliza wewe! Umelia hapa juu ya ulezi, machozi yako tutayanywa kwenye pombe ya sikukuu, halafu unaniletea ya watu?"

Jumapili ikafika. Vijana wakasimama mmoja baada ya mwingine, wote ya ngumi. Nikasimama na mimi, nikasema nina shangazi anayeisubiri picha yangu. Nilianza kwa Kiswahili cha shuleni, nikakwama. Basi nikasimulia kama nyumbani, Kifipa na Kiswahili pamoja, yule mama nikamwita jina la kwetu. Mmoja akapiga kelele, "Dada, kaa chini, hiyo ni ya kulaza watoto!" Banda zima likacheka. Nilitaka ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye ukungu, nikamaliza.

Nikashindwa, tena vibaya. Nilirudi nyumbani kwenye tope nikilia, sijui nimwambie nini Shangazi. Nilimkuta mlangoni.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Umesema ya kwako?"

"Nimesema, ila wamenicheka."

"Basi ingia ule," akasema.

Krismasi ikaoneshwa ya ngumi. Na nani aliipenda kuliko wote? Babu yako! Mzee ambaye tuliogopa hata kukohoa mbele yake aliruka kutoka kwenye benchi akimwelekeza stelingi, yule mpigaji mwenyewe, pa kupiga. Mpaka anazeeka, akipata pombe kidogo, alirusha teke tukashika mbavu. Ile ilikuwa picha yake kweli, hakuazima kwa mtu.

Watu walipotawanyika, Baba Winifrida akanigusa bega. "Mafuta ya jenereta yamebaki kidogo," akasema. "Yule shangazi yako uliyesema anaisubiri yuko wapi? Mkanda ule nimeuonesha weee, sijawahi kuuelewa mpaka uliposimama wewe."

Mwenye kutafsiri alikuwa ameshakwenda kunywa, kwa hiyo nilitafsiri mimi. Shangazi alikaa benchi la mbele, mkono wangu ameushika. Ulipoingia ukungu akauminya kabla sijatafsiri, hakuhitaji kuambiwa. Mwisho akajifuta uso kwa kitenge.

"Mama wa kwenye masimulizi yako alikuwa mrefu zaidi," akasema. "Lakini mtoto ndiye huyuhuyu."

Akarudi Mwimbi. Mgongo haukumleta tena, mwanangu, na yeye mwenyewe alijua. Nilimlilia sana, lakini kila nikikumbuka kwamba aliiona, moyo wangu unatulia.

Sasa sikwambii kwamba picha za tuzo ni mbaya. Hao waamuzi wa huko wana zao, waache wazipende. Ukiipenda na wewe iliyoshinda, itaje kama babu yako, kwa mateke. Ninachokuomba ni kwamba usiifute uliyoilia kwa kuogopa kicheko. Kicheko kilinichoma jioni moja tu. Na huko ukumbini Jumamosi huenda yupo mtu mmoja anayeihitaji hiyo ya wavuvi, wala hataijua usipoitaja wewe.

Haya, irudishe mahali pake, nikuone ukiirudisha. Mungu akujalie macho yanayoona, na kifua cha kusema ulichokiona, na popote utakaposimama asikose wa kukusikiliza. Jumamosi uniwekee kiti cha mbele, mwanangu. Na mimi mgongo umeanza.