Maua ya Difla na Kikombe cha Baraka

Harufu ya vumbi lililoloa ndiyo iliyokuwa ikinijulisha kwamba baridi ya Dubai inakaribia kuisha. Ilikuwa Februari, nami nilikuwa na miaka minane. Siku moja ingeweza kuanza kwa ukungu uliofunika majengo ya Karama, mtaa wetu, jua likachoma adhuhuri, kisha upepo wa mchanga ukavuma na mvua ikamwagika bila taarifa. Katikati ya vurugu hiyo, vichaka vya difla vilivyozunguka maegesho ya magari chini ya jengo letu vilianza kuchanua maua ya rangi ya waridi. Mama alikuwa ametukataza kuyagusa. Hakutueleza sababu, nami nilidhani anamwogopa mlinzi wa jengo.

Siku hiyo baba alikuwa safarini na lori la mizigo, na mama yuko kazini, akitandika vitanda katika hoteli moja huko Al Garhoud. Tuliachwa na Anti Nakato, Mganda aliyepanga chumba cha pili katika fleti yetu, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alipokuwa akifua, nilishuka nikachuma vitawi vitatu, nikavitia kwenye kikombe cha maji ili mama akirudi akute chumba kimependeza. Nilipotoka bafuni nilimkuta mdogo wangu Baraka, wa miaka mitatu, ameyatoa maua na kuyanywa maji yote. Niliyatupa maua dirishani, nikakisuuza kikombe. Haukupita muda akaanza kutapika.

"Amekula nini huyu?" Anti Nakato aliniuliza.

"Sijui, Anti."

Aliuliza tena, nikajibu vilevile. Akadhani ni wali wa jana, akampa maji ya chumvi na sukari, akamlaza. Nje mvua ilikuwa imeshaanza. Nilikaa kando ya kitanda nikimtazama mdogo wangu akilegea, midomo ikipauka, huku nikihofia kuchapwa kuliko nilivyohofia kifo, kwa sababu kuchapwa nilikujua na kifo sikukijua. Adhana ya adhuhuri ilipita. Ya alasiri ilipoanza, Baraka hakuitika tena alipoitwa jina. Ndipo nikasema.

Anti hakunigombeza. Alimfunga mgongoni kwa leso, tukatoka. Barabara ilikuwa imefurika na hakuna teksi iliyosimama, kwa hiyo alitembea maji yakimfika magotini, nami nyuma nimeng'ang'ania sketi yake, hadi zahanati. Daktari alimsikiliza Baraka kifuani, akasema difla ina sumu na moyo unapiga polepole mno, akaita gari la wagonjwa. Baraka alilazwa siku tano, akapona.

Mama hakunichapa. Aliniuliza tu, "Ulinyamaza muda gani?"

"Kidogo tu, mama."

Anti Nakato alinitazama, kisha akainamisha macho.

Sasa mimi ni mtu mzima na bado naishi mji huu. Siku hizi simu hutuonya mapema mvua inapokuja, na watu hukaa ndani. Baraka amekuwa kijana mrefu mwenye maneno mengi. Kwenye sherehe hukisimulia kisa hicho, na watu huvunjika mbavu akifika pale alipovushwa mafuriko mgongoni kama mzigo. Katika masimulizi yake, mimi ndiye dada aliyemwokoa kwa kusema ukweli. Anti Nakato, aliyerudi kwao Jinja, hajawahi kumsahihisha, hata wanapoongea kwa simu. Mimi hucheka pamoja na wageni.