Wimbo ni wa Kampuni, Sauti ni ya Mama

Saa tatu asubuhi, Mama Redio anaingiza penseli kwenye tundu la kanda na kuizungusha taratibu. Utepe umeshikana kwa ukungu. Anazungusha kidogo, anasimama, anapuliza, anaendelea. Mezani redio za wateja zinasubiri, matumbo nje.

"Shoga, hiyo kanda utaiua," mshonaji wa kibanda cha pili anamwambia.

"Nikiiua, nazikwa nayo. Na wewe utatushonea sanda."

Wanacheka, lakini mkono wa fundi hautetereki. Ndani ya kanda hiyo yumo marehemu mama yake.

Mama Redio, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, alianza kufungua redio akiwa msichana. Siku nzuri hutengeneza mbili. Siku nyingine hushinda akifuta vumbi. Zamani, anasema, Jumapili mchana nyumba nzima ilingoja kipindi cha muziki wa dansi. Waya wa kuunganishia hawakuwa nao, basi aliweka redio na kinasa sauti uso kwa uso juu ya kigoda, akabonyeza, akawaamuru wote wanyamaze.

"Anyamaze nani? Nyumba ya watoto saba!" anasema. "Kila wimbo wangu una sufuria ndani yake."

Miaka michache iliyopita alianza kuzipandisha nyimbo hizo mtandaoni. Watu walizipendea hayo hayo masufuria. Uliopendwa kuliko zote ni ule ambao, katikati ya gitaa, mama yake anasikika akigomba: "Zima hilo liredio, maji yamechemka!"

Mwezi uliopita video ya wimbo huo iliondolewa. Kampuni yenye haki za nyimbo za bendi iliyoupiga ililalamika. Zikafuata nyingine, kisha ukurasa wote ukafungwa.

Mashabiki walikuja juu. Dereva mmoja wa lori, aliyeusikiliza wimbo ule kila safari, alimpigia simu.

"Mama, wimbo wenyewe kampuni wameuweka, umesafishwa hadi unang'aa. Lakini yule mama wa maji hayumo! Sasa nani atanigombeza njiani?"

"Hata mimi namtafuta, mwanangu."

Ndiyo maana anahangaika na penseli. Alipomaliza kuupandisha wimbo, kanda aliisukumia uvunguni mwa meza hii, paa la kibanda likavuja, maji yakaifikia. Nakala nyingine hana.

"Nilisema, si uko mtandaoni? Utakwenda wapi?"

Mama Redio haichukii kampuni. "Wapiga gitaa wale nao walikuwa na watoto wa kulisha. Kama hela zinawafikia, sawa, wimbo ni wao. Ila mama yangu hawakumnunua."

Kanda sasa inazunguka. Anaitumbukiza kwenye redio kaseti, anaweka simu mbele ya spika, uso kwa uso kama zamani. Huenda utepe ukastahimili mara moja tu. Mshonaji anaondoa mguu kwenye cherehani bila kuambiwa.

Muungurumo. Gitaa linayumba kama limelewa. Kisha: "Zima hilo liredio, maji yamechemka!"

Fundi anaziba mdomo kwa kiganja. Wimbo unafifia, unakwisha. Hapo ndipo alipokuwa akizima kila mara akinakili ili apandishe mtandaoni. Leo mkono umebaki mdomoni, na kanda inaendelea.

Kijiko kinagonga kikombe. Mlango unalia. Halafu sauti ile ile, safari hii ya chini, ya mtu anayedhani yuko peke yake: "Kumbe wimbo mzuri... Wakiupiga tena, mwanangu ataniita."

Anabonyeza kuzima.

"Nilikuwa nimekimbilia maji yake," anasema Mama Redio polepole. "Nikasahau kuzima."

Mshonaji anajipangusa machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja. "Shoga, hapo hakuna gitaa. Hapo nani atadai?"

Mama Redio anainama, anavuta boksi la kanda lililobaki uvunguni mwa meza. Anataka kufungua ukurasa mpya usio na wimbo hata mmoja, wenye vile vipande vya mwisho tu, ili dereva wake apate wa kumgombeza.

"Zote hizi nilikuwa nazima mapema," anasema, na kuchomeka penseli kwenye kanda nyingine. "Sasa nitaanzia pale nilipokuwa nazima."