Kupeleka Barafu Hewani

Safari hii ilitokana na simu ya Bibi. Bibi Eva, mama yake baba, anaishi Hewani, kando ya mto Tana, na hapendi simu; kwake ni chombo cha kutangazia misiba. Aliponipigia Malindi wiki moja kabla ya Krismasi, nilikaa chini kwanza.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Lete barafu."

Niwaeleze wasiotoka kwetu. Zamani, kabla baba yangu hajazaliwa, Hewani alikaa Mmarekani mmoja, Mwalimu Haroldi, akifundisha useremala. Ujanani alikuwa askari katika vita kuu ya pili, na Krismasi moja ilimkuta kwenye misitu ya Ubelgiji, ndani ya shimo, theluji ikimwangukia yeye na wenzake. Wengi wao hawakutoka. Kila mkesha wa Krismasi Mwalimu alikuwa hatii kitu mdomoni mpaka amewataja. Wazee wetu waliona si adabu mtu kukaa na wafu wake peke yake na majirani wapo. Wakagawana wale askari, kila nyumba mmoja. Nyumba yetu ilipata Rei, kijana wa shamba, mtu wa mahindi.

Majina waliyashika upesi, ila baridi hawakuielewa. Basi Mwalimu akaagiza barafu kutoka pwani, akampa kila mmoja kipande kiganjani: fumba mkono, taja jina, usifumbue mpaka kiyeyuke chote. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena theluji ni nini. Mwalimu alirudi kwao na akafia kwao. Desturi ikabaki kwetu. Mimi, kwa kusikia kila mwaka kwamba waliuawa na Baridi, mpaka darasa la tatu niliamini ni kabila fulani la Ulaya, lenye silaha bora kuliko Wamarekani.

Mwaka jana friji ya kanisa iliharibika, wakatumia maji ya mtungi.

"Mwaka jana hatukuwakumbuka," Bibi aliniambia. "Tuliwanawisha mikono. Na jambo likirukwa mara mbili, mjukuu wangu, limekufa. Macho yangu yanaondoka, na mimi nitafuata. Sitaki nifike huko Rei aniulize."

Nikamwambia nitaleta. Ilitakiwa ifike mkesha wa Krismasi, kabla jua halijazama.

Malindi, alfajiri ya mkesha. Nilipanda basi la Lamu nikiwa na gunia tupu na blanketi la sufu. Abiria wa pembeni yangu aliliangalia lile blanketi, akaniangalia mimi, kisha akafungua dirisha. Ilikuwa Desemba na tulikuwa tunaelekea Garsen.

Garsen, jua la utosi. Joto la mji huu halitoki juu peke yake. Linatoka ardhini, linatoka kwenye kuta, linatoka kwa watu. Mbuzi walisimama mmojammoja kwenye vivuli vya nguzo za umeme, kivuli chembamba, mbuzi mwembamba. Sokoni nilimkuta Bi Zuhura, mwanamke wa Kipini auzaye samaki, amekalia sanduku lake kama mtu anayelinda maiti.

"Barafu ni ya samaki," alisema. "Siuzi."

Nikamweleza habari za askari. Alisikiliza huku akiwapungia nzi.

"Wamekufa kwa baridi," akasema, "nawe wawapelekea baridi tena?"

"Tunawasaidia kuibeba, Bi Zuhura."

Alifikiri. "Nti hii ina watu," akasema, kwa lafudhi yao ya kule mdomoni mwa mto, ambako nchi ni nti, akainuka juu ya sanduku. Alinitolea bonge kubwa kama kichwa cha ng'ombe, akalizungushia maranda ya mbao, akaliviringisha katika blanketi langu na kulitia guniani. "Itanuka papa. Waambie hao askari wako waniwie radhi."

Ng'ambo ya daraja. Nilichukua bodaboda, gunia mapajani. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha lakini mto haukuwa umepata habari hiyo. Baada ya mwendo mfupi barabara iliingia majini na haikutoka upande wa pili. Kijana wa bodaboda alizima injini.

"Hapa ndio mwisho wa pikipiki yangu," alisema, "na mwanzo wa matatizo yako, sista."

Akageuza. Nikabaki na gunia, ndege yangeyange na mto ambao haukuwa mahali pake.

Ndipo akaja Dube, Muorma wa makamo, akiendesha mkokoteni wa punda wenye mitungi ya maji. Alisimamisha punda akatazama mzigo wangu kwa muda mrefu.

"Dada," akasema, "hii gunia yako inakojoa."

Nilimweleza. Hakucheka, wala hakushangaa. Alisema iko njia ya juu, ya ng'ombe, inazunguka mpaka karibu na Hewani, lakini inapita nyumbani kwake.

"Ni sawa," nilisema.

"Inapita nyumbani kwangu," akarudia, kama daktari anayehakikisha umemwelewa.

Bomani kwa Dube, alasiri. Nilielewa tulipofika. Mama yake Dube, bibi mrefu mwenye shungi jeusi, alikuwa ameshabandika chai. Mgeni hapiti pale bila kunywa vikombe vitatu. Nilisema nina haraka. Alisema haraka ni nzuri, nikae. Nilisema barafu inayeyuka. Akaagiza gunia liingizwe ndani ya nyumba, kwenye giza kinapokaa kibuyu cha maziwa, lifunikwe ngozi ya ng'ombe. Kisha akanimiminia chai nzito ya maziwa, nayo ilikuwa ya moto kiasi kwamba haikuwezekana kuinywa kwa haraka. Nadhani ndiyo sababu huichemsha hivyo. Kila nikinyamaza nilisikia tone likianguka ndani. Nilikunywa kikombe cha kwanza nikimwona Bibi, cha pili nikimwona Rei.

Dube alikuwa akiwaza.

"Hao askari," akasema, "miti ilikuwako?"

"Msitu mzima."

"Sasa mbona hawakuwasha moto?"

"Adui angeuona."

Akaitafsiri kwa mama yake. Mama akaweka birika chini, akasema maneno machache kwa Kiorma.

"Anasema anajua hiyo," Dube alieleza. "Ule mwaka wa vita hapa, sisi Waorma na nyinyi Wapokomo. Tulilala porini bila moto. Tuliogopa watu yenu."

"Na sisi tulilala mtoni bila moto," nikasema. "Tuliwaogopa nyinyi." Nilikuwa mdogo, lakini naukumbuka mkono wa Bibi mdomoni mwangu, nisikohoe.

Dube alitikisa kichwa polepole. "Basi mbu ndio ilishinda."

Mama yake akasema jambo jingine. Sikuhitaji tafsiri: aliinuka mwenyewe, akatoa gunia nje, akalipakia mkokoteni. Kikombe cha tatu nilisamehewa. Dube alisema hajawahi kuona mgeni akisamehewa.

Kuelekea Hewani. Punda alitembea kama punda. Nyika ilitulia kushoto na kulia, ya kijani isiyo na haya baada ya mvua, na ng'ombe waliinua vichwa wakatutazama tukipita na tone letu. Gunia lilikuwa limelegea. Niliingiza mkono ndani: maranda, blanketi lililolowa, kisha mbali sana, kitu kigumu. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea mitini. Ukingoni Dube alimfunga punda, akabeba gunia kifuani kama ndama, tukavuka kwa mtumbwi. Alisema anakuja kuona tu kama ni kweli.

Hewani, kabla ya machweo. Walikuwa wameketi kwenye mabenchi nje ya kanisa, kila nyumba na mtu wake. Bibi alikuwa mbele, gauni lake la Pasaka, uso umeelekezwa kwenye sauti ya hatua zetu. Nikafungua gunia miguuni pake. Lile bonge lilikuwa limebaki kama papai dogo. Bibi akalipapasa kwa mikono miwili.

"Imekonda," akasema.

"Imesafiri, Bibi."

Akanusa. "Papa."

"Ndiyo. Tumeombwa radhi."

"Hata wao hawakuwa wananukia," akasema. "Pasueni."

Walipasua kwa mgongo wa panga. Wakapita mmojammoja, wakafumba mikono. Majina yetu ya Kimarekani yana matamshi ambayo mama zao wasingeyatambua, lakini yalisemwa wima. Bili, aliyepiga kinanda cha mdomo. Frenki, aliyeogopa kulala. Nyuma ya kanisa nyani wa msituni walikuwa wakigombea matawi ya kulalia. Bibi alishika kipande chake. "Rei," akasema. "Alitaka kurudi kuvuna." Maji yakamtoka katikati ya vidole vilivyopinda, hakufumbua. Nilimtazama nikaona kwamba mwanamke huyu, ambaye hajawahi kufika mahali penye baridi kuliko Garsen, alikuwa amemshika kijana wa watu mkono.

Kikabaki kipande kimoja siniani.

"Joo," Bibi aliita.

 Nyumba ya Joo ilikuwa imehamia Mombasa. Mafuriko yalichukua shamba lao. Na kwa desturi yetu mtu habebi wawili, maana hao walikufa kila mmoja kwa mwili wake. Kipande kilikuwa kinapungua machoni petu. Bibi hakukiona, lakini alijua.

"Joo," aliita tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kizee.

Dube alisogea kutoka kwenye ukuta. "Mimi nina mkono," akasema.

Mzee mmoja alikohoa. "Mama Eva, huyu ni Muorma."

"Na Joo alikuwa Mpokomo?"

Mzee akaketi. Dube alipokea barafu, akafumba mkono, akakunja uso. Aliambiwa la kusema, nalo lilikuwa fupi: Joo alikuwa kwenye zamu ya usiku.

"Joo," Dube akasema. "Alikuwa zamu. Hakuwasha moto." Hilo la pili hakuambiwa. Alisimama vile vile mpaka mkono wake uliacha kudondosha, kisha akaufumbua, akauonyesha ukiwa mtupu, na Bibi, aliyesikia watu wakishusha pumzi, akasema tuleni.

Kurudi, baada ya sikukuu. Bibi alinisindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Nilimuuliza kama sasa ameridhika. Alisema ameridhika, lakini mwakani nianze mapema.

Nilirudi kwa njia ya ng'ombe. Nilikwenda nikidhani kuwaheshimu wafu wa mbali ni lazima kwanza uyajue ya kwao: theluji, bendera, ramani ya Ubelgiji. Dube hakuuliza lolote kati ya hayo. Aliuliza habari za moto.

Bomani kwake mama alikuwa ananingoja. Alitaka kujua, kupitia kwa mwanawe, Joo alikuwa na mke? Sikujua. Mama alisikitika, akasema mtu wa nyumbani kwake hawezi kukaa bila habari zake, nikaulize. Kisha akanionya juu ya mwakani. Barafu ikipita hapa, nisije nikasema tena habari za haraka. Joo ni wa hapa sasa, na wanaokwenda kwa ajili yake watakunywa vikombe vyote vitatu.

Nilimwambia nitabeba bonge kubwa zaidi. Akaniambia nikae.