Mtu Akiitwa Peke Yake

Nakumbuka Jumanne moja mkuu wangu wa kazi aliniuliza: “Mbona kila mmoja wenu ananijibu kama vile kuna askari nyuma ya mlango?” Nilimtazama, nikatazama feni, nikasema yale niliyoyasema kila wiki: “Hakuna shida, chef. Yote iko bien.”

Mwanangu, nakuita hivyo kwa sababu mama yako ni dada yangu mkubwa, si kwa sababu nimezeeka. Umeniandikia kwamba umepewa timu ya kuongoza, kwamba umeagizwa ukutane na kila mfanyakazi peke yake kila wiki, na kwamba tangu uanze hujasikia lolote ila “hakuna shida.” Unauliza unakosea wapi. Mimi si mtu wa kumeza haraka ushauri wa wakubwa, na sipendi uumeze wangu. Nitakueleza nilichokiona, kisha pima mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikaajiriwa kwa majaribio katika bohari ya dawa, huku huku komini ya Tshopo, mtaa wa mji wetu. Tulikuwa tunapeleka dawa kwenye vituo vya afya vya mbali. Mkuu wetu aliitwa Papa Bosenge, mtu wa Isangi, wa ukoo wa wavuvi, mpole kwa sauti na mgumu kwa ratiba. Makao makuu yalimwagiza kama ulivyoagizwa wewe, naye akatii. Kila Jumanne alituita mmoja mmoja ofisini, akafunga mlango ili tuwe huru kusema.

Umekulia mji huu, kwa hiyo unajua mlango wa chef, yaani mkuu, ukifungwa maana yake nini. Katika ofisi zetu mtu haitwi peke yake ili aulizwe kazi inamwendeaje. Anaitwa kupokea demande d’explication, ile barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi kabla ya kuadhibiwa. Kama hakuitwa kwa hilo, basi ameitwa kuwasema wenzake. Sisi hatukuwa tumewahi kuona sababu nyingine.

Mama Zaina, mtunza bohari wetu, siku yake ya kwanza ya kuitwa alikuja amevaa kitenge kipya. Aliketi, na kabla Papa Bosenge hajamaliza kumsalimu, alianza kujitetea: “Chef, yale makarto, si mimi niliyeyalowesha. Ilikuwa mvua, na Mungu anaona.” Papa Bosenge hakuwa na habari ya maboksi yoyote yaliyolowa. Ndipo akayajua.

Na ukitoka mle ndani, uani anakungoja Dieudonné, dereva, mtu asiyejua kunyamaza.

“Demande yako iko wapi?”

“Sina.”

“Alors, umetuuza. Sema tu, umeuza nani kwanza?”

Tulicheka wote. Lakini mchana ule hakuna aliyekaa karibu nawe wakati wa kula.

Mimi nilikuwa na langu. Mwisho wa majaribio kila mpya alipaswa kusindikiza dawa za kwenda Yahuma: unashuka mto kwa baleinière, ule mtumbwi mkubwa wa mbao wenye injini, hadi Isangi, kisha unaendelea kwa pikipiki. Aliyerudi salama na mzigo ukafika, alithibitishwa kazini. Sisi, unajua, tumetoka milima ya Kivu Kusini. Sikujua kuogelea, na nilikuwa nimesikia habari za kutosha za mitumbwi iliyozama. Katika mji ambao watoto wanacheza mtoni, kusema naogopa maji niliona ni sawa na kusema mtafuteni mwingine. Nyumbani tulikuwa tunautegemea mshahara ule. Muulize mama yako. Kwa hiyo kila Papa Bosenge alipouliza kama kuna kinachonisumbua, nilijibu hakuna, huku siku ya safari inakaribia.

Lile swali la askari lilinikera wiki nzima. Jumanne iliyofuata niliingia na jibu, na kwa kweli sikulisema kwa adabu sana.

“Chef, mutu akiitwa ye peke mu bureau, hapa kwetu, anatokaka na nini?”

Alifikiri. “Na demande.”

“Voilà.”

“Nilijua,” akasema. “Lakini nilifikiri mulango yangu mimi iko tofauti.”

“Mulango iko mulango, chef.”

Nilidhani nimejifukuzisha kazi. Yeye aliitikia kwa kichwa, akafungua mlango, akamwita anayefuata.

Jumanne iliyofuata tulimkuta uani, kwenye benchi karibu na mizani ya kupimia mizigo. Pale kila mtu aliweza kukuona na hakuna aliyeweza kukusikia. Alianza na Dieudonné, nadhani kwa makusudi, akamaliza na mlinzi. Siku ile hakuna aliyekosa kuitwa. Hakuwa na kalamu. Nilipoanza kulalamika kwamba Dieudonné anachelewesha gari, alinikatiza: “Ya Dieudonné, Dieudonné atakuja kuyasema. Wewe sema yako.”

Bado sikuamini. Nani angenihakikishia kwamba haandiki jioni yale tuliyomwambia? Nikamjaribu. Nilimwambia taa ya bohari imekufa na tunasoma majina ya dawa kwa mwanga wa simu. Wiki iliyofuata, kabla hata ya salamu, akauliza, “Taa umeiona?” Nilikuwa nimeiona. Nikamjaribu tena: nilitaka tuache kufunga mizigo kabla orodha za vituo hazijafika. Akasema, “Hapo nakataa,” akanieleza kwa nini: mtumbwi hautungoji, na orodha huchelewa daima. Kukataa kule kulinishawishi kuliko taa. Mtu anayetaka kukulaghai hukubali kila kitu.

Wiki moja kabla ya safari hakuniuliza chochote. Tuliketi tukiwatazama vijana wakipakia. Nikasikia mdomo wangu ukisema:

“Papa, mi naogopa mayi.”

“Sana ao kidogo?”

“Sana. Sijui kuogelea. Kama munataka mutu mwingine, nitaelewa.”

Hakusema usijali. Hakusema kwamba hata wanawake wa Yanonge, huko mtoni, wanavuka kila siku. Aliuliza, “Unataka niondoe jina yako?”

“Ukiondoa, kazi imekwisha.”

“Ya kazi tutaongea kisha. Nauliza, wewe unataka nini?”

Ilinibidi nitafute. “Nataka kwenda. Lakini si hivi.”

“Hivi namna gani?”

“Bila gilet.”

Hatukuwa nayo hata moja, yale makoti ya kuelea. Papa Bosenge aliahirisha safari, akagombana na makao makuu kwa simu mbele yetu sote, na makoti ya rangi ya chungwa yakaja, moja kwa kila abiria wetu. Dieudonné alipotuona bandarini alipiga makofi: “Angalieni, machungwa yanasafiri!” Papa Bosenge alivaa lake akaja pamoja nami, ingawa hakuwa kwenye orodha. Nilishika ukingo wa mtumbwi hadi Isangi. Dawa zilifika Yahuma, nami nikathibitishwa kazini.

Sitajifanya ninajua ni kipi kilichonifungua mdomo. Huenda ni benchi, huenda ni taa, huenda ni woga tu uliozidi. Ila baadaye nilipopewa watu wangu niliyajaribu yote, na haya ndiyo ninayoweza kuyasimamia.

Usimwite mtu mahali ambapo wengine wameitwa kuadhibiwa, kisha ukashangaa kwamba anajitetea. Tafuta pa kuonekana bila kusikika. Mwite kila mtu, hata ambaye huna neno naye, ili kuitwa kusiwe habari. Mwache aanze na lake, na akianza kusema ya mwenzake, mrudishe kwake. Alichokuambia wiki iliyopita, mrudie nacho: kimefanyika, au hakitafanyika na sababu ni hii. Usiahirishe mkutano huo kwa ajili ya wageni, maana atajua papo hapo ana uzito gani kwako. Na akikufungulia jambo zito, usikimbilie kumpa dawa. Muulize anataka nini, kisha vumilia akitafuta jibu.

Jingine ni gumu, nami silifanyi vizuri: jua kwamba anaweza kuwa na sababu nzuri ya kukunyamazia. Usimlazimishe.

Mungu akupe subira ya kukaa kimya mbele ya mtu anayetafuta maneno, na wanaokuja kwako waondoke wepesi kuliko walivyokuja.

Papa Bosenge amestaafu, amerudi Isangi. Mwaka huu nilipita kumsalimu sikumkuta, nikakaa na mkewe. Tulizungumza mengi, na katikati ya mazungumzo mama yule akaniambia, bila kujua ananipa habari, kwamba mume wake hajawahi kujua kuogelea.