Kofia ya Bosi Asiyekuwepo

Nimekosa. Nalitanguliza neno hilo ili msije mkafikiri nimekuja hapa kujitetea. Nitajitetea, lakini baadaye, na si kwa kila mtu.

Nilimdanganya mwanamke mtu mzima, mtu wa heshima zake, aliyekuwa akinipenda. Akakaa miezi anashona kofia ya kichwa cha mtu asiyekuwepo duniani. Wallahi hayupo! Hakuzaliwa, hana mama, hana hata kaburi. Nilimtengeneza mimi kwa laptop yangu, asubuhi moja nikiwa na hasira.

Acheni nianze na hiyo hasira.

Mimi ni msichana wa Mbweni, kazi yangu kuandika programu za kompyuta. Mimi na mwenzangu Ruwaida tuna chumba cha ofisi Mji Mkongwe, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zake zimesimama wima, mteja akifika juu inabidi umpe maji kwanza ndiyo azungumze. Humo ndani tulitengeneza mfumo wa hoteli ndogo ndogo. Mgeni anachagua chumba akiwa huko kwao, analipa, anawekewa gari ya kumpokea uwanja wa ndege, na chumba kimoja hakiuzwi kwa watu wawili. Hilo la mwisho ndilo maradhi ya hoteli zetu, muulizeni yeyote aliyewahi kukaa mapokezi.

Mfumo ulikuwa mzuri. Sijisifu, ni kweli tu.

Hoteli ya kwanza, meneja alitukaribisha chai. Akatazama, akabonyeza huku na huku, akafurahi. Kisha akaniuliza, "Haya, na bosi wenu yuko wapi?"

"Bosi ni mimi."

Akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na hicho ndicho kilichoniuma. Alicheka kama unavyomchekea mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Sawa bibie. Basi bosi wako akipata nafasi mwambie aje tuzungumze."

Hoteli ya pili hivyo hivyo. Nyengine wakanielekeza kwenye mlango wa wanaoomba kazi! Na msidhani waliotukataa ni wageni. Mmoja wao kasoma skuli moja na kaka yangu, kala pilau kwetu sikukuu. Nilipokuwa namweleza, macho yake yalinipita, yakawa yanatafuta nyuma yangu kama kuna mwanamume anakuja.

Nikarudi ofisini nimevimba.

"Hawa hawataki mfumo," Ruwaida akaniambia. "Wanataka mzungu."

"Basi tuwape mzungu."

Nikampa jina, Erik. Picha yake nikaipata kwenye ile programu inayochora sura za watu wasiokuwepo: ndevu fupi, miwani, na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kukatikiwa na umeme. Nikamfungulia anwani ya barua pepe. Kwenye tovuti yetu nikamweka juu kabisa, Mkurugenzi Mkuu, na mimi nikajiandika chini yake, Msaidizi wa Mkurugenzi. Kwa mkono wangu mwenyewe!

Ruwaida akasema, "Shoga, mtu huyu atakuja kutuua."

Nikamwambia hawezi, hana mikono.

Erik akamwandikia yule meneja wa kwanza. Barua fupi, ya kiburi, hata hali hakumuuliza. Jibu likaja tukiwa bado tunakula chakula cha mchana, limejaa heshima tele! Hoteli ile ikachukua mfumo, ikafuata nyengine, na nyengine. Nikawa naingia mle mle nilimochekwa, naletewa juisi, naambiwa, "Msalimie sana Bwana Erik, mtu makini yule." Nikajibu kwamba salamu zitafika. Niliziandika mimi zile barua, kila neno, halafu nabebeshwa salamu za kujipelekea mwenyewe.

Nami nikamzoea Erik. Mteja msumbufu? Erik amekataa. Mwenye chumba anataka kupandisha kodi? Mpaka Erik arudi safari. Yule wa duka la vitambaa akiuliza nani anatulipia pale juu, namjibu Erik, ili asizidi kuuliza. Ilikuwa raha, nisiwafiche.

Sasa sikilizeni kosa langu lilipo. Hoteli niliwadanganya kwa hasira. Nassor nilimdanganya kwa aibu.

Nassor ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Jambiani. Alikuwa ameshaleta posa kwetu na baba ameipokea. Siku moja akaifungua tovuti yetu, akanionesha simu.

"Kwani we si ndo mwenye kampuni? Huyu nani?"

Ningemwambia pale pale tungecheka sote, na leo nisingekuwa naandika haya. Lakini ningelazimika kumweleza kwa nini jina langu liko chini. Ningelazimika kusema kwamba walinicheka na mimi nikakubali kuchekwa. Sikuweza. Nikasema, "Bosi wangu. Ndiye mwenye mtaji."

"Ah," akasema. "Hukuwahi kunambia."

Basi, yakaishia hapo. Yeye akamwambia mama yake.

Mama yake ni Bi Kazija, na Bi Kazija anashona kofia. Si hizi za mashine. Anashona kofia za viua, za mkono, kila kitundu kinatobolewa na kuzungushiwa uzi peke yake. Watu huweka nafasi kwake mapema wakiwa na mtoto wa kuoza. Akanipigia simu.

"Mwanangu, huyo bosi wako anakutunza vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Basi nshaamua, nnamshonea kofia. Siku ya harusi aje kaivaa, ajue kaja kwa wenyewe. Nletee kipimo cha kichwa chake."

Ningesema hapo! Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikafungua mdomo, nikasema, "Ahsante mama, ntakuletea."

Kipimo cha kofia ni uzi tu. Unauzungusha kichwani juu ya masikio, unakata. Kichwa cha Erik ningekitoa wapi mimi? Nikavua mtandio pale ofisini, nikauzungusha uzi kichwani kwangu, nikaukata, nikaupeleka Jambiani nimeukunja ndani ya karatasi.

Bi Kazija akaunyoosha kwa vidole. "Mzungu gani huyu ana kichwa kidogo namna hii?"

"Kimejaa akili tu, mama," nikasema.

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Na mimi nikacheka! Kicheko kile changu ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Tangu siku hiyo kila nikienda kumjulia hali namkuta barazani, kitambaa kiko karibu na pua, maana macho yake si mazuri tena. Akiniona ananionesha alipofika. Na mimi namsifia kazi yake, eti.

Kwetu, kabla ya kutajwa siku ya harusi, upande wa mume huulizia mwenendo wa msichana. Hawamuulizi yeye wala wazazi wake. Wanauliza jirani, wanauliza dukani, wanauliza yeyote anayekuona ukipita. Aliyetumwa kuniulizia mimi ni Bi Zuwena, shangazi yake Nassor, mkaazi wa mjini. Akaenda duka la vitambaa, akajifanya anachagua kanga.

Mwenye duka hakuwa na ubaya na mimi. Alimwambia yale yale niliyomwambia mwenyewe. Yuko mzungu. Ndiye anayelipa chumba. Yeye hajawahi kumuona hata siku moja, huenda anakuja duka likishafungwa. Na msichana hafanyi jambo mpaka amuulize huyo mzungu.

Anakuja duka likishafungwa! Mnajua maneno hayo yana uzito gani katika mji huu? Bi Zuwena hakuhitaji kuongezewa chumvi.

Ijumaa, baada ya sala, wakaja kwetu Mbweni yeye na ami wa Nassor. Nilikuwa jikoni, nikawasikia wanazungumza na baba.

"Hatusemi mtoto mbaya," Bi Zuwena anasema. "Tunasema mtoto ana mtu. Kawekwa na mzungu."

Baba kimya. Ningesikia akipiga meza, ningesikia akiwafukuza, ningepata nafuu.

Msichana haingii kwenye mazungumzo kama yale. Niliingia! Mikono mibichi, laptop kwapani.

"Shikamooni."

"Marahaba," ami akajibu peke yake.

"Erik hayupo," nikasema.

"Kenda wapi?" Bi Zuwena akauliza.

"Hakwenda pahala. Hayupo, hajapata kuwepo. Nimemtengeneza mie."

Nikaifungua ile programu ya sura mbele yao. Nikabonyeza, akatoka mzungu. Nikabonyeza, akatoka mwengine, huyu kipara. Nikawatolea wazungu sebuleni mpaka ami akavaa miwani akasogea.

"Subhanallah! Na huyu mwenye masharubu naye hayupo?"

"Hayupo, ami."

"Masikini," ami akasema, kama vile kuna mtu kafiwa.

Bi Zuwena hakucheka. Akauvuta mtandio wake. "Sasa mie nirudi nikaseme nini? Akiwa yupo, mtoto kawekwa. Akiwa hayupo, mtoto mwongo. Lipi nichukue?"

"Chukua mwongo, shangazi. Hilo ndo la kweli."

Baba akafunika uso kwa viganja. Posa ikavunjika mle mle sebuleni, chai haijanywewa.

Nassor alikuja baadaye, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. Nilidhani atanitukana. Bora angenitukana.

"Mie nlikuwa nnamuonea wivu," akasema. "Nnakaa darasani nnajilinganisha na mtu hana hata kivuli. Lakini hayo yangu, yatapita. Macho ya mama je? Ulimtazama anatoboa vitundu vile, ukanyamaza?"

Alikwenda zake na hajarudi.

Siku ile ile nikamfuta Erik. Nikaweka picha yangu na jina langu pale juu, nikawaandikia hoteli zote ukweli. Meneja wa kwanza, yule wa kicheko, akapiga simu anafoka.

"Umetudanganya!"

"Mfumo umewahi kukuuzia chumba kimoja kwa watu wawili?"

"Hapana, lakini—"

"Ukipiga simu usiku mfumo umekwama, nani anapokea?"

"Wewe."

"Sasa kilichobadilika nini?"

"Nlijua nnafanya kazi na Erik."

"Ulikuwa unafanya kazi na mimi. Erik alikuwa anapokea sifa tu."

Akakata. Akauacha mfumo wetu, na wengine wakamfuata, mpaka Ruwaida akaanza kufundisha kompyuta jioni ili tubaki na chumba. Wachache wamebaki.

Na hapa ndipo ninapojitetea. Wale wa hoteli siwaombi radhi! Najua uongo ni uongo, na kwa Mola wangu nimeshatubu. Lakini mtu aliyenitazama usoni asinione, kisha akaipigia magoti picha, aniambie mimi ndiye niliyemkosea heshima? Hapana. Huyo hapati kwangu hata neno moja la radhi.

Radhi niliyodaiwa ilikuwa moja, nikaipeleka Jambiani.

Bi Kazija alikuwa barazani, mikono mitupu. Nikamuamkia, akaitikia, akaingia ndani, akatoka na kofia ndani ya kitambaa cheupe. Alikuwa ameshaimaliza. Sijapata kuona viua vimepangika vile.

"Uzi ule ulikuwa wa kichwa cha nani?" akaniuliza.

"Changu, mama."

"Vua mtandio."

Nikavua. Akanivisha kofia kwa mikono miwili, akaivuta kidogo juu ya sikio kama anavyofanya fundi. Ilikaa sawasawa. Nikaanza kulia, nikamwomba radhi, nikasema yote, hata la kucheka kwangu siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho na wala hakutabasamu.

"Mie nlimshonea bosi," akasema. "Ungenambia bosi ndo wewe, ningekushonea hiyo hiyo. Kwani ningekucheka?"

Jamani! Mtu pekee ambaye asingenicheka, ndiye niliyemdanganya kwa kuogopa kuchekwa.

"Chukua nenda nayo," akasema. "Kwetu hutakuja kuolewa, hilo nshalisema na halirudi. Lakini kofia haina kichwa chengine."

Iko mezani kwangu ofisini, kando ya laptop. Wateja wakipanda zile ngazi, wakishapumua, huuliza kofia nzuri hii ya nani. Nasema ya bosi. Wakiuliza bosi yuko wapi, nasema unazungumza naye. Kuna wanaocheka. Nawaacha wamalize, kisha naendelea nilipoishia.

Ninyi mnaoanza, hasa wasichana, mtaulizwa swali hilo hilo. Msimtengeneze mtu wa kulijibu! Akikucheka kaa pale pale kwenye kiti, akikufukuza nenda hoteli nyengine ukiwa na jina lako. Kazi ikikukosa utatafuta nyengine. Mimi niliyempoteza simpati tena, na mama yake nimemmaliza macho kwa bure.

Hapa jina langu siliandiki, kwa ajili ya baba. Lakini kwenye tovuti lipo, juu kabisa, na hakuna mtu juu yake.